Kamusi yenye misalaba

“¿Qué pasa, tronca?”

Hayo ndiyo maneno niliyompokelea bibi mmoja kutoka Valladolid, Hispania, pale uwanja wa ndege wa KIA, mwezi wa saba, saa mbili usiku. Alikuwa na miaka sabini na kitu, kofia ya ukili mkononi, dada yake nyuma akihangaika na toroli. Mimi nimeshika kibao chenye majina yao, shati limepigwa pasi hadi linakata, na salamu hiyo nimeifanyia mazoezi siku tatu. Nilitaka asikie lugha wanayoongea watu wa kwao, siyo ile ya kitabu cha shule.

Bibi alisimama. Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. Halafu akacheka, akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku lake. “Hijo,” aliniambia akijifuta macho, yaani mwanangu, “nani kakufundisha kuongea? Kijana wangu?”

Kijana wake, nilikuja kuelewa tukiwa njiani kwenda Arusha, sasa ana miaka hamsini na mbili, ana kitambi na anauza bima. Ila miaka ya themanini, alipokuwa na nywele ndefu na pikipiki ya kuazima, kila rafiki yake alikuwa tronco. Tronco ni gogo la mti. Kwa hiyo mimi, kijana wa Tanga mwenye adabu zangu, niliyefundishwa kumwamkia mkubwa kabla hata ya kumuona vizuri, nilikuwa nimemwambia bibi wa watu: “Vipi, gogo?”

Jaribu kuligeuza upande wa kwetu. Mhispania anashuka Dar, anamkuta bibi yako kibarazani anachambua mchele, anamwambia: “Mambo shega, mshikaji?” Bibi hatakasirika. Atakuita uje usikie.

Kilichonipeleka kwenye Kihispania ni hela, nisimdanganye mtu. Arusha waongoza watalii wa Kiingereza tumejaa kama dagaa. Ukiongeza lugha nyingine unakumbukwa, na mwenye Kihispania hukumbukwa Julai na Agosti, Wahispania wanapofunga ofisi zao na kumwagika duniani. Kozi ya maana ilikuwa juu ya uwezo wangu, lakini vitabu vilikuwa bure. Lodge za Karatu zina rafu ambapo wageni huacha walivyomaliza kusoma ili kupunguza mizigo, na mimi nilizoeana na mhudumu mmoja akawa ananitengea kila kitabu chenye ñ. Kihispania hakujua hata neno. Alijua ile n yenye kofia.

Vilivyonifaa vilikuwa vitatu. Kitabu cha sarufi kisicho na jalada. Kijikamusi cha lugha ya mitaani kilichochapwa mwaka 1987, karatasi zimegeuka rangi ya chai ya rangi. Na hadithi ya watoto, aliyoiacha mtoto wa Kihispania aliyekuwa ameimaliza kabla hatujafika geti la Ngorongoro.

Sarufi niliimaliza kwa miezi minane, usiku, kwenye vyumba vya madereva, wageni wakiwa lodge wanakula. Nikawa naongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Kushoto kwenu, waheshimiwa, mnaweza kumtazama twiga. Wageni walinielewa vizuri kabisa. Shida ilikuwa nikishanyamaza. Kule nyuma walianza kuongea wao kwa wao, wanacheka, wanakatizana, na mimi usukani mkononi sishiki kitu. Kilikuwa Kihispania kilekile nilichosoma, ila kimevua viatu.

Ndiyo maana kile kijikamusi nilikiona kama hazina. Currar ni kupiga kazi. Mola ni “inanikosha”. Pasta ni tambi, ila mtaani ni pesa, na hapo nilicheka peke yangu kitandani, kwa sababu sisi tunasema mpunga: wao hela yao imeshaiva, yetu bado iko shambani. Meksiko wanaiita lana, yaani sufu. Nchi nyingi za Amerika Kusini wanasema plata, madini ya fedha, na hapo sisi hatuna la kushangaa, neno letu la kawaida ni hilohilo. Tío ni mjomba, lakini kijana wa Madrid humwita hivyo rafiki yake, kama kijana wa Dar anavyosema “oya mjomba” kwa mtu asiye na undugu naye, au sisi wa Arusha tunavyosema chalii. Kila neno lilikuja na ndugu yake wa Kiswahili, nikajiona nimefika. Nikakariri herufi kwa herufi. Nilipofika T, ikaja ile kazi ya KIA.

Wala sikuwa na haki ya kushangaa. Sekondari tulifundishwa kwamba maneno ya namna hii huitwa misimu. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani, nikapata alama zangu, na sikuwahi kulisikiliza neno lenyewe. Msimu unakuja, unapita. Embe dodo ya Januari huitafuti mwezi wa saba. Tena kwenye gari letu tulikuwa na mfano mzima. Kwenye redio za kuitana madereva hatusemi “simba”, kwa sababu siku hizi hakuna mgeni asiyejua simba ni nini. Ukilitaja tu, gari zima linasimama na kamera, kabla hujajua kama yupo kweli au kalala kwenye majani haonekani. Sisi tulisema sharubu. “Sharubu wawili, mtoni, wamelala.” Ilitufaa miaka. Halafu watu wakaiandika mtandaoni, na asubuhi moja binti wa Barcelona akanigusa bega: “Sharubu wapi leo?” Jioni ile kwenye chai tulikaa tukatafuta neno jingine. Silitaji hapa.

Misimu ndivyo inavyoanza popote: watu fulani wanataka kuongea mbele ya watu wengine bila kueleweka. Maneno kadhaa ambayo leo kila Mhispania anayatumia, currar, chaval yaani dogo, molar, chungo yaani bovu au gumu, yalitoka kwenye Kicaló, lugha ya Wagitano, jamii iliyoingia Hispania karne ya 15 na ambayo kwa muda mrefu ilikuwa na kila sababu ya kutotaka kueleweka na askari. Kutoka kwao yakaenda kwa wahuni na wafungwa, kisha kwa vijana, na mwisho kwa bibi wa Valladolid, ambaye hasemi tronco ila chaval anasema bila kufikiri. Mengine hayakuvuka, yalifia njiani. Kijikamusi kinayapanga yote kwa alfabeti, yaliyo hai na yaliyokufa, bega kwa bega. Ni kama kupewa kitita cha funguo za nyumba ambazo nusu ya wapangaji wameshahama.

Kamusi kubwa ya Real Academia Española, taasisi iliyoanza 1713, hukupa msaada kidogo. Kando ya neno inaweka vifupisho: coloq. kwa neno la mazungumzo, malson. kwa neno linalochafua sikio, halafu nchi: Méx., Arg., P. Rico. Nilipoanza kuitumia kwenye simu, vile vifupisho nilivipita kama watu wanavyopita masharti ya mkopo.

Kila anayeandika kuhusu Kihispania atakuonya juu ya coger, kitenzi ambacho Hispania ni kuchukua au kupanda basi na Meksiko au Ajentina ni jambo la chumbani. Nilionywa, nikajihadhari nalo. Hakuna aliyenionya juu ya bicho.

Kwenye hadithi yangu ya watoto, bicho ni dudu, na kwa utani ni mnyama yeyote. Wahispania wakiona tembo mkubwa husema “¡Menudo bicho!” na mimi nikawa nalitumia kutwa. Sasa chukua Tarangire, mwezi wa pili, na familia ya watu watano kutoka Puerto Rico. Tarangire ina mbung’o, na mbung’o wa Tarangire hawana mzaha. Nikageuka kwenye kiti, nikawatangazia kwa sauti ya kuwajali: jihadharini, huku kuna bichos wakubwa sana, wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, na wanapenya hata kwenye suruali.

Kimya. Baba mtu akatazama dirishani kama anayetafuta chui. Binti mkubwa akajifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Mama ndiye aliyenihurumia. Alinieleza tulipofika sehemu ya kulia chakula, wanaume wakiwa mbali, kwa maneno ya kuzunguka kama anavyofanya mtu mzima. Puerto Rico, neno hilo ni kile kiungo ambacho mwanaume hakitaji mbele ya wakwe zake. Jioni nilifungua kamusi ya Academia. P. Rico alikuwa amekaa palepale, kwenye maana za mwishomwisho, ananisubiri.

Kihispania ni lugha rasmi katika nchi 20, na pia Puerto Rico. Neno moja linasafiri na kubadilika kila bandari. Kuba, guagua ni daladala. Chile, guagua ni mtoto mchanga, kwa asili ya Kikechua. Mkuba akisema ameikosa guagua ya asubuhi, ni jambo la kila siku. Mchile lazima akae chini.

Ila nisiwavunje moyo wanaojifunza kwa vitabu, maana kitabu kilichonifundisha kuongea kwelikweli kilikuwa kile cha mtoto. Kinaitwa Manolito Gafotas, cha Elvira Lindo, kilitoka 1994. Manolito ni mtoto wa miwani anayeishi Carabanchel Alto, mtaa wa watu wa kipato cha kawaida jijini Madrid, baba yake dereva wa lori, na anasimulia mwenyewe bila kuvuta pumzi. Kabla ya kuwa kitabu alikuwa sauti: mwandishi alimwigiza redioni. Nilipojua hilo nikaelewa kwa nini sentensi zake zilikuwa zinaingia mdomoni kirahisi. Zilipita mdomoni kwanza, karatasi ikafuata.

Nilianza kukisoma kwa ajili ya misimu, nikawa naipigia mstari. Baada ya kurasa hamsini nikaona kwamba hata ukiifuta misimu yote, mtoto bado anaongea kama mtoto wa Carabanchel. Kinachombeba ni vineno vingine, vidogo, ambavyo kijikamusi changu hakikuvitaja kabisa kwa sababu si vya kihuni. Es que, kwa mfano. Sarufi itakwambia ni “ni kwamba”. Kwa kweli es que ni mama wa visingizio. Umechelewa shuleni? Es que… Umevunja miwani? Es que… Ni ile “si” ya mwanafunzi wa kwetu aliyesimama mlangoni amelowa: “Mwalimu, si ndo daladala ikaharibika.” O sea ni yaani, na wanaitumia vilevile, kununua muda wakati akili inatafuta njia. A ver ni hebu. Anda ni kumbe, na mara nyingine ni “toka hapa”.

Halafu kuna venga. Kamusi inasema ni “uje”. Kumbe ni haya. Haya twende, haya nimekubali, haya kwaheri. Mhispania hawezi kukata simu bila venga kama Mtanzania asivyoweza kukata bila haya. Nimewasikiliza sana kwenye simu zao mtandao unapopatikana, pale juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro: “Venga, vale, venga, pues venga, hasta luego, venga.” Fumba macho, ni mama yangu anaagana na shangazi. Haya, sawa, haya, haya basi, baadaye, haya.

Na hombre. Hombre ni mwanaume, kila kitabu kinasema hivyo ukurasa wa tatu. Wale ndugu wawili wa Valladolid walikuwa wakibishana kuhusu dirisha, mmoja anasikia baridi mwingine joto, na kila mmoja anamwambia mwenzake hombre. Mwanamke kwa mwanamke. Mtu mwingine angerudi kwenye sarufi kutafuta kosa. Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga, shangazi zangu walikuwa wakiambiana “hebu acha, bwana!” kutwa nzima, na hakuna bwana yeyote chumbani.

Vineno hivi havina msimu. Pues imo kwenye vitabu vya Kihispania vya miaka mia nne iliyopita na imo kwenye ujumbe wa simu wa jana. Ukisema es que hakuna anayecheka, hakuna anayeuliza nani kakufundisha. Wanachofanya ni kuanza kukujibu haraka zaidi, bila kukuchagulia maneno. Hapo ndipo nilipojua nimeingia ndani. Kwa hiyo nikabadili mtindo: kila nikirudi Arusha na gari tupu, Manolito kwenye dashibodi, nikawa namsoma kwa sauti kwenye foleni. Polisi mmoja wa barabarani pale Makuyuni aliniuliza kama nasali.

Vibonzo navyo vina siri hiyohiyo. Mtu wa rika langu aliyewahi kugombania jarida la Sani na kaka zake haitaji kuelezwa. Kile kiputo cha maneno hakina nafasi ya sentensi ndefu, mchoraji lazima aandike kama watu wanavyotamka. Kwa Kihispania cha Ajentina wengi huanzia kwa Mafalda wa Quino, aliyechapishwa kati ya 1964 na 1973. Mimi pia. Kutoka kwake ndipo nilipojua kwamba kule “wewe” si tú bali ni vos, na “una” si tienes bali tenés. Nilipopata wageni wawili kutoka Buenos Aires, mtu na mkewe, sikuzimia.

Nilikaribia kuzimia asubuhi ya pili, yule bwana aliponiomba feca. Nilidhani ni chombo fulani cha gari. Mkewe akacheka, akaonesha chupa ya chai: café. Wamegeuza silabi. Feca. Rafiki ni gomía badala ya amigo, tango ni gotán, na mchezo wenyewe unaitwa vesre, ambao ni revés, kinyume, uliogeuzwa. Nikasimama pale na chupa mkononi, maana mimi huo mchezo naujua! Pwani tunauita kinyume, tena kwa jina hilohilo. Silabi ya mwisho unaileta mbele. Tulikuwa tukisema lachaku na mbanyu mbele ya watu wazima, tukidhani hawaelewi, na wao ndio waliowafundisha kaka zetu. Nikawaambia: kwetu hiyo si kahawa, ni wakaha. Safari nzima ikawa wakaha. Nadhani sijawahi kupata wageni tuliopendana vile, na tipu haikuwa mbaya.

Lugha ya mtaani ya Buenos Aires ina jina lake, lunfardo. Ilikua mwishoni mwa karne ya 19, mji ulipojaa wahamiaji, hasa Waitaliano. Ndiyo maana kazi ni laburo, kutoka lavoro ya Kiitaliano. Ina hata chuo chake cha wataalamu, Academia Porteña del Lunfardo, tangu 1962. Misimu yenye akademia! Siku Sheng ikipata ya kwake, naomba kadi ya mwaliko.

Lakini Waitaliano hawakuwa peke yao kwenye mji ule, na hili nililipata kwenye kitabu, siyo kwa wageni. Nilikuwa nikisoma, nikakutana na mtu anamwambia mwenzake “no me cuentes milongas”. Maana ilikuwa wazi: usinipige kamba, usiniletee fiksi. Milonga nilijua ni muziki na dansi ya kule Ajentina na Uruguay. Imekuwaje kamba? Nikafungua kamusi ya Academia, na safari hii vile vifupisho nilivisoma. Asili ya neno: Kikimbundu. Milonga, maneno.

Kikimbundu ni cha Angola. Umoja wake ni mulonga, wingi milonga. Mu-, mi-. Mti, miti. Watu walipakiwa kwenye meli Luanda, wakauzwa ng’ambo ya Atlantiki, na ngeli yao ya wingi ikafika ikiwa nzima, ikakaa ndani ya Kihispania ambako hakuna anayejua kwamba ni wingi. Wao wanaongeza s mwishoni. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mzigua. Kusema kwake ilikuwa kulonga, na hata kamusi zetu za Kiswahili zinalo longa, kuzungumza. Quilombo nalo, ambalo Mwajentina hulitumia kwa vurugu yoyote, iwe foleni au serikali, limetoka Kikimbundu vilevile. Nilikaa na kitabu magotini usiku ule mpaka jenereta ikazimwa. Miaka miwili nilikuwa nahangaika kubisha hodi kwenye lugha ya mtaani ya watu, kumbe kuna ndugu walishaingia zamani, kwa mlango mbaya kuliko wote.

Kuna na mlango mwingine, wa Kiarabu, huo mwepesi kidogo: fulano ni fulani, hasta ya “hasta luego” ni ndugu wa hata yetu. Ila hayo kila mtu wa pwani atayaona mwenyewe wiki ya kwanza.

Turudi kwa bibi wa Valladolid. Siku ya nne tulishuka kreta, tukala mchana Ngoitokitok, kwenye bwawa la viboko. Waliowahi kufika pale wanawajua mwewe. Kila siku nawaambia wageni wale ndani ya gari, na kila siku kuna mmoja anayetaka kula akitazama maji. Bibi alishuka na paja la kuku. Hakufikisha mdomoni. Kivuli, upepo, kuku hana. Bibi akanyoosha ngumi angani akapiga kelele: “¡La madre que te parió!”

Dereva mwenzangu, Mmasai mtaratibu asiyependa kupitwa, akaniuliza amesema nini. Nikamwambia: amemtaja mama aliyemzaa mwewe. Akafikiri. Kwetu ukimtaja mama wa mtu kwa sauti ile, unakunja mikono ya shati kwanza. “Na mwewe amefanya nini?” akauliza. Dada mtu alikuwa anacheka hadi anakohoa, na bibi, kuku wake akiwa anapaa kuelekea msitu wa Lerai, akaongeza jambo kuhusu kuyanyea maziwa. Nikatafsiri na hilo. Hapo mwenzangu alikasirika kabisa. Mama wa mwewe sawa, lakini maziwa yamekosa nini?

Nilijaribu kumweleza wakati tunapanda kutoka kreta. Kihispania kina mambo yake na maziwa. Mtu mwenye roho mbaya ana mala leche, maziwa mabaya. Kitu kizuri kupita kiasi ni la leche. Ukikimbiza gari unakwenda a toda leche. Na ukimzaba mtu kibao umempa una leche. “Kwa hiyo maziwa ni mabaya au mazuri?” Inategemea, nikasema, inategemea sauti. Akanyamaza mpaka juu kwenye ukungu. Kisha akasema watu wenye ng’ombe wachache huwa na maneno mengi.

Siku ya mwisho, kutoka Karatu hadi KIA, bibi alikaa mbele pembeni yangu. Kwenye dashibodi palikuwa na Manolito na kile kijikamusi cha 1987. Akakichukua kijikamusi, akavaa miwani, akaanza kusoma huku anaguna. Halafu akaomba kalamu.

Kuanzia Mto wa Mbu alikuwa akichora misalaba. Alama ndogo, safi, kama ya kaburi, kando ya neno. “Hili limekufa.” Ukurasa. “Hili limekufa, na afadhali.” Chachi, msalaba. Dabuten, msalaba. Kwenye tronco akanitazama juu ya miwani, akachora mkubwa. Mengine aliyaachia: curro, chaval, chungo, pasta. Mengine aliyaandikia pembeni kwa mwandiko wa shule ya zamani: “vijana tu”, “siyo mbele ya bosi wako”, “hili mwachie dada yangu”. Makuyuni tukapita, Kisongo tukapita, yeye yuko kwenye kazi yake, dada yake amelala nyuma na mdomo wazi. Alikuwa amerudi herufi C, maneno aliyoyaruka mwanzoni, kalamu ikasimama.

Neno lilikuwa chipén. Ukisema kitu ni de chipén, ni kizuri, safi kabisa. La Kicaló nalo, la zamani hata kwa kamusi ile. Nilimuuliza kama nalo limekufa. Hakujibu. Tulikuwa tunaingia mjini, bodaboda kila upande, nikaacha kuuliza.

KIA tulikumbatiana. Alimpa mpagazi shikamoo, kijana wa miaka ishirini, kwa sababu kitabu chake cha Kiswahili kilimwambia ni salamu ya heshima. Kijana alishtuka akakaribia kuangusha sanduku, na mimi nilijifanya sijaona. Kijikamusi nilikifungua nikiwa nimerudi kwenye maegesho. Kando ya chipén hapakuwa na msalaba. Palikuwa na maneno mawili: mi marido. Mume wangu.